Chombo Huchaguliwa kwa Aliye Dhaifu

 

Barua tuliyoichagua wiki hii imetoka kwa mama mmoja wa Mombasa ambaye ametuomba tulihifadhi jina lake. Binti yake anaishi Marekani pamoja na mumewe na watoto watatu, na mwaka huu wamemwalika mama yao katika safari ya siku saba kwa meli ya utalii itakayotoka Miami na kuizunguka Bahari ya Karibea. Miongoni mwa bandari zitakazofikiwa ni George Town, mji mkuu wa Visiwa vya Cayman, na hapo wajukuu wameshatia nia: wanataka kushuka kwenda kuogelea katikati ya taa, yule samaki bapa mwenye mkia wa mwiba. Mkwe amependekeza katamarani kubwa ambayo tiketi zake huuzwa melini. Binti anapendelea mashua ndogo ya wenyeji, ambayo ni lazima waiagize wenyewe. Mama hajui kuogelea, ana presha, na tangu utoto wake amefundishwa kwamba taa hachezewi. Anauliza: afuatane nao, au abaki melini? Na wakienda, wapande chombo gani? Kisha akamalizia kwa maneno yaliyotugusa: "Nachelea kuwaharibia wajukuu furaha yao, na maji nayaogopa. Sijui lipi niliseme mbele yao."

Swali hili tutalijibu kwa urefu, kwani mama huyu si wa kwanza. Ndugu zetu waliotawanyika Marekani, Kanada na Uingereza wamekuwa wakiwaalika wazee wao katika safari ambazo sisi wa huku hatuna mazoea nazo. Mzee huona haya kuuliza, vijana hudhani kunyamaza kwake ni kuridhika, na chombo huchaguliwa kwa picha nzuri zilizomo katika simu. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Jibu letu twaliweka mbele, kisha tutalifafanua. Chombo cha familia hakichaguliwi kwa kumtazama aliye hodari kuliko wote, bali aliye dhaifu kuliko wote. Kijana anayeogelea kama pono atafurahi katika chombo chochote. Mtoto wa miaka sita na bibi yake mwenye presha hawatafurahi, wala hawatasalimika, ila katika chombo kilichoandaliwa kwa ajili yao. Nahodha akimfaa bibi, atakuwa amewafaa wote.

Na tuanze kwa kuijua mahali penyewe, kwani mtu hawezi kuchagua njia ya kwendea asikokujua. Visiwa vya Cayman ni vitatu, viko kusini ya Cuba na kaskazini magharibi ya Jamaica, na viko chini ya mamlaka ya Uingereza. Kilicho kikubwa ni Grand Cayman. Upande wake wa kaskazini pana ghuba pana yenye maji ya kina kifupi iitwayo North Sound, na mlangoni mwa ghuba hiyo umelala mwamba unaoyazuia mawimbi ya bahari kuu. Nyuma ya mwamba huo kuna fungu la mchanga mweupe. Wavuvi wa zamani walipokuwa wakirudi kutoka baharini walitia nanga hapo kwenye maji matulivu, wakasafisha samaki wao na kutupa matumbo majini. Taa wakajifunza kwamba mlio wa mashine ya mashua una maana ya chakula. Ilipofika miaka ya 1980, wazamiaji wakaanza kuwalisha kwa mikono, habari zikaenea, na leo ni matembezi yanayojulikana kuliko mengine yote ya kisiwa hicho.

Mama yetu, fahamu kwamba hapo pana sehemu mbili zilizo karibu, na majina yake huchanganywa. Moja ni ya wazamiaji, yenye kina cha mita nne hivi. Nyingine ni lile fungu la mchanga, ambapo mtu mzima husimama na maji yakamfika kiunoni au kifuani. Wewe na wajukuu mwende kwenye fungu. Unaponunua tiketi, usitosheke na jina la matembezi, uliza kwa maneno ya wazi: "Je, mahali tunaposhuka, mtu mfupi anasimama?" Na usilifananishe fungu hilo na mafungu yetu ya Pwani. Huku kwetu maji hupwa na kujaa kwa tofauti ya mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, na mafungu yetu huanika hata watu wakatembea. Katika Karibea maji hupanda na kushuka kidogo mno, hayafikii hata mita moja. Kwa hiyo fungu lile huwa na maji mchana kutwa, na kinachobadilisha hali yake ni upepo na mawimbi kuliko kupwa na kujaa.

Sasa tumtazame mwenyeji wa mahali hapo, yaani taa mwenyewe. Wazee wetu hawakukosea walipotuonya. Mkia wake una mwiba wenye meno na sumu, na wavuvi wa Lamu, Shimoni na Vanga wanajua maumivu yake. Dunia nzima ilikumbushwa tarehe 4 Septemba 2006, pale Steve Irwin, Mwaustralia aliyejulikana kwa vipindi vyake vya wanyama, alipochomwa kifuani na taa akafariki. Lakini ni vyema kujua kwamba taa hamfukuzi mtu ili amchome. Mwiba ni silaha yake ya kujitetea, na mara nyingi huutumia anapokanyagwa akiwa amejifukia mchangani, au anapozingirwa akakosa njia ya kutokea. Wale wa Grand Cayman wamezoea watu kwa miaka mingi, na ajali ni chache ukilinganisha na umati unaowatembelea. Hata hivyo wao si mifugo. Hawakufungiwa kwa wavu. Huja na kwenda wapendavyo.

Kwa sababu hiyo, yako mambo machache ambayo kila mmoja wenu ayashike kabla ya kutia mguu majini. Tembeeni kwa kuburuta nyayo juu ya mchanga, msinyanyue mguu na kuukita, ili taa aliyejificha asikie mtikisiko na aondoke. Msimshike mkia. Msimzunguke watu watano kwa pamoja. Majike ndio wakubwa, wengine upana wao huzidi mita moja, na mtoto hushituka anapoguswa na kiumbe cha ukubwa huo. Basi mtoto abebwe au ashikwe mkono mpaka azoee. Mdomo wa taa uko chini ya tumbo, na hula kwa kufyonza. Anayempa ngisi auweke mkono bapa na kidole gumba akikunje ndani, la sivyo vitafyonzwa vidole pamoja na ngisi, na mtoto atalia bure.

Ikitokea bahati mbaya mtu akachomwa mguuni au mkononi, aondolewe majini, na jeraha litumbukizwe katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, yasiyozidi nyuzi 45, kwa muda wa nusu saa mpaka saa moja na nusu, huku akipelekwa kwa daktari. Maji ya moto hutuliza maumivu ya sumu. Mwiba ukiwa umezama kifuani, shingoni au tumboni, usichomolewe kabisa. Apelekwe hospitali nao hivyo hivyo.

Baada ya kupajua mahali na mwenyeji wake, ndipo tuje kwenye vyombo. Mkwe na binti, kila mmoja ana hoja yake, na hoja zote mbili zina uzito.

Hoja ya mkwe ni hii. Matembezi yanayouzwa na meli yenyewe yana dhamana moja kubwa: yakichelewa kurudi, kwa desturi meli huwangoja watu wake. Aliyeagiza mashua nje ya meli akachelewa, meli humwacha bandarini, naye hujitafutia nauli ya ndege ya kuifuata bandari ya mbele. Jambo hili si dogo katika George Town, kwa kuwa hakuna gati la meli hizo kubwa. Meli hutia nanga nje, na abiria hushushwa kwa mashua ndogo kwa zamu. Mwezi Aprili mwaka 2025 wananchi wa visiwa hivyo walipigia kura pendekezo la kujenga gati, wakalikataa. Kwa hiyo hali hiyo ingalipo. Bahari ikichafuka, meli hupita bila kushusha mtu.

Hoja ya binti nayo ni hii. Katamarani kubwa hubeba makumi ya watu, na watu wote hao hushuka kwa pamoja juu ya fungu moja. Mabaharia wachache hawawezi kumtazama kila mgeni. Mara nyingi muziki huwa juu, na katika nyingi ya safari hizo kinywaji cha pombe huandaliwa wakati wa kurudi. Mashua ndogo, yenye watu wanane au kumi, humpa nahodha nafasi ya kuwajua abiria wake kwa sura. Familia ikiweza kuikodi peke yake, hupata pia uhuru wa kuchagua saa, chakula na utulivu, na akina mama hupata stara yao.

Twasema hivi: kwa familia yenye bibi asiyejua kuogelea na watoto wadogo, moyo wetu unaelemea mashua ndogo, kwa masharti mawili. La kwanza, safari imalizike mapema, muwe mmerudi bandarini saa mbili kamili kabla ya mashua ya mwisho ya kuwarudisha melini. La pili, nahodha awe na leseni na bima, na awe tayari kujibu maswali. Masharti haya yasipopatikana, basi katamarani ya meli ni salama zaidi kuliko mashua ndogo ya mtu asiyejulikana. Udogo wa chombo peke yake si sifa.

Maswali yenyewe ndiyo haya, na twamshauri binti ayaandike na kuyatuma kabla ya kulipa. Chombo hubeba watu wangapi, na wangapi kati ya mabaharia huingia majini pamoja na abiria? Je, yapo majaketi ya kuelea ya saizi ya watoto, na huvaliwa au hufungiwa sandukuni? Je, abiria huhesabiwa kabla ya kuondoka kila kituo? Pana ngazi ya kupandia chombo, au mtu hujivuta kwa mikono? Hili la mwisho vijana hulisahau, na ndilo linalomwaibisha mama mzee mbele ya watu, anaposhindwa kupanda na kuanza kuvutwa kwa mabega. Je, chomboni pana kivuli na choo? Upepo ukizidi, fedha hurudishwa? Nahodha mwema hujibu bila kukasirika. Anayesema tu "msijali, kila kitu kiko sawa" hajajibu neno.

Iko pia hadhari ya saa na ya fedha. Visiwa vya Cayman havibadilishi saa zao mwaka mzima, ilhali Florida husogeza saa mbele wakati wa kiangazi chao. Meli iliyotoka Miami ikishika saa ya Florida, katika miezi hiyo itakuwa mbele ya kisiwa kwa saa nzima. Meli ikitangaza kwamba mwisho wa kurudi ni saa kumi jioni, kisiwani itakuwa saa tisa, na simu itakayojirekebisha yenyewe itamdanganya mwenyewe. Kila mmoja wenu avae saa ya mkononi iliyowekwa kwa saa ya meli, na nahodha aulizwe: "Utaturudisha saa ngapi kwa saa ya meli?" Ama fedha, Cayman wana dola yao wenyewe, ambayo thamani yake imefungwa kwenye dola 1.20 za Marekani. Mkitajiwa bei, ulizeni ni dola ipi.

Tuangalie vilevile idadi ya vituo. Safari nyingi zina vituo viwili au vitatu: fungu la taa, kisha bustani ya matumbawe ambapo watu huogelea kwa miwani na mrija wa kupumulia, na mara nyingine ufuo wenye viti vya pweza. Hapa ndipo panapohitajika kupambanua. Kusimama juu ya fungu ni jambo moja. Kuelea juu ya matumbawe kwa mrija ni jambo jingine kabisa. Kwenye matumbawe hakuna pa kusimama, wala hapafai kusimamwa. Kupumua kwa mrija kunachosha kuliko kunavyoonekana, na mtu mwenye maradhi ya moyo au presha anaweza kuzidiwa kimyakimya, uso ukiwa majini na watu wakidhani anatazama samaki. Kwa hiyo mama yetu atashuka kwenye fungu akipenda, lakini kwenye matumbawe abaki chomboni, na asione kwamba amepungukiwa. Kabla ya safari amuone daktari wake, amwambie wazi anakokwenda na dawa anazotumia. Wajukuu nao wajifunze kutumia miwani na mrija katika bwawa la meli siku mbili tatu kabla, wala isiwe ndiyo mara ya kwanza katikati ya bahari. Miwani inayofunika uso mzima twaona iachwe, kwani mtoto akipata hofu humwia vigumu kuivua kwa haraka. Na kila mwogeleaji awe na mwenzake wa kumtazama. Asiyekuwa na mwenzake asiingie majini.

Suala la mavazi tumeulizwa mara nyingi, na hapa lina jibu jepesi kuliko wengi wanavyodhani. Jua la Karibea lina ukali kama letu, na mtu anayeelea kifudifudi huungua mgongo na nyuma ya miguu bila kuhisi. Ndiyo maana hata wageni wasiokuwa Waislamu huvaa nguo za kuogelea za mikono mirefu na suruali zinazofika kifundo cha mguu. Vazi kamili la kuogelea la mwanamke Mwislamu, lile liitwalo burkini, lilibuniwa huko Australia mwaka 2004 na Aheda Zanetti, na sasa linapatikana kila mahali. Tunachokataza kwa nguvu zote ni kuingia majini na buibui, dera au leso. Nguo pana hunywa maji, ikawa nzito, ikajifunga miguuni. Inayotafutwa kwa stara ikawa ndiyo sababu ya maafa. Vazi la mwili mzima lina fadhila nyingine: hupunguza haja ya kujipaka mafuta ya kuzuia jua, ambayo baadhi yake yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Ama sala, ninyi ni wasafiri, na ruhusa ya msafiri mnaijua. Pangeni wakati wenu kabla ya kushuka melini, msije mkaanza kutafuta pa kuswali bandarini huku mashua ya mwisho inangojwa.

Tumezungumza juu ya usalama wa watu. Lakini chomboni kuna wajibu wa pili, nao ni kwa yule taa anayetembelewa. Kwa maumbile yake, taa wa aina hii hutafuta chakula peke yake, na zaidi wakati wa usiku. Watafiti waliowafuatilia wale wa kwenye fungu walikuta wamebadilika: hutembea mchana kuzifuata saa za mashua, na hujazana mahali pamoja. Waliochunguza damu na miili yao waliona dalili za udhaifu na majeraha zaidi kuliko kwa wenzao wanaoishi mbali na watalii. Kwa upande mwingine, wapo wanaosema, na hoja yao ina nguvu, kwamba utalii huo ndio uliowafanya wenyeji wamthamini taa akiwa hai. Tangu mwaka 2013 sheria ya visiwa hivyo imewapa taa ulinzi, na mahali hapo pamewekewa kanuni: taa asitolewe nje ya maji, na watu wasivae viatu juu ya fungu. Sisi hatuwaharimishii watu matembezi haya. Twasema tu kwamba anayekwenda kwa kiumbe aliyeacha usiku wake na upweke wake kwa ajili ya mgeni, asimwongezee taabu.

Hapo chombo chema hujitenga na chombo kibaya. Nahodha anayemnyanyua taa hewani ili wateja wapige picha anavunja kanuni za nchi yake mbele ya macho yenu, na anayevunja kanuni moja kwa ajili ya picha ataivunja na ile ya majaketi. Tazameni picha anazotangazia biashara yake kabla ya kulipa, zitawaambia mengi. Vivyo hivyo kiti cha pweza: hutazamwa akiwa majini, hainuliwi. Na liko jambo ambalo mabaharia wengi huwaambia wageni kwa mzaha, kwamba anayembusu taa hupata bahati ya miaka saba. Mzaha wa baharia ni mzaha, lakini watoto husadiki. Waambieni kwa upole kwamba bahati haiko katika mdomo wa samaki, kisha waacheni wamguse mgongoni kwa kiganja, taratibu, wausikie ulaini wa kiumbe cha Mola wao. Hilo linatosha kuwa zawadi.

Matumbawe nayo yasisahauliwe. Mwaka 2014 ulionekana Florida ugonjwa unaoua matumbawe magumu, na kufikia mwaka 2020 ulikuwa umeshafika Grand Cayman. Matumbawe yaliyo mgonjwa hayahitaji teke la mtalii juu ya ugonjwa wake. Asiyeweza kuelea bila kukita mguu asipelekwe hapo, awe mtoto au mkubwa.

Yawezekana pia meli ikabadilishwa njia. Msimu wa vimbunga huko ni tangu Juni hadi Novemba, na katika miezi ya baridi pepo za kaskazini huichafua ghuba ya North Sound kwa siku nzima. Mkipelekwa kwingine, msichukulie kwamba matembezi yenye jina la taa ni sawa kila mahali. Antigua nako hupelekwa watu kwenye fungu la mchanga. Lakini huko Belize, katika hifadhi ya Hol Chan iliyoanzishwa mwaka 1987, taa hutazamwa pamoja na papa wapole katika maji ambayo mtu hasimami. Hapo panamfaa mwogeleaji, wala si bibi yetu. Kila mahali swali ni lile lile: aliye dhaifu kati yetu, atakuwa wapi na nani atamshika?

Sasa turudi kwa mama na lile neno aliloshindwa kulisema. Mama yetu, hofu yako si aibu wala si ukale. Uliyofundishwa na wazee juu ya taa ni elimu, na wajukuu wako waliozaliwa mbali na bahari yetu hawana wa kuwapa elimu hiyo ila wewe. Usinyamaze. Waite binti na mkweo kabla tiketi hazijalipwa, uwaambie: "Mimi sijui kuogelea, nina presha, na nitakwenda iwapo nitasimama na nitashikwa mkono." Ukishalisema, wao ndio watakaotafuta chombo cha namna hiyo, na kufanya hivyo ni katika kukutendea wema. Na siku ile ukifika kwenye fungu, ukayatazama maji na moyo ukakataa, baki chomboni kwenye kivuli, uwatazame. Fungu ni jeupe, maji ni maangavu, nawe utawaona taa wakipita chini kama vivuli. Hujawaharibia furaha. Bibi aliyelazimishwa akazidiwa ndiye angeiharibu.

Nanyi vijana, msiwaulize wazee wenu, "Mama, utakuja?" kwa sauti ambayo jibu lake ni moja tu. Waulizeni wanachokiogopa. Mzee wa Pwani atakubali mambo mengi asiyoyataka ili tu asimuudhi mwanawe aliyetumia fedha, na hiyo ndiyo sababu jukumu la kuuliza ni lenu.

Kwa wasomaji wetu ambao Karibea ni mbali na hawana safari ya huko, maneno haya yanawahusu siku mtakapowapeleka watoto Malindi na Watamu, hifadhi za baharini zilizotangazwa mwaka 1968, au mtakapopanda mashua Shimoni kwenda Kisite na Wasini. Huko nako manahodha huwaita watu kwa bei, na huko nako yapo majaketi yaliyofungiwa chini ya viti. Ulizeni maswali yale yale. Mtazameni nahodha iwapo huwakimbiza pomboo ili kuwafurahisha wageni, au huwaacha waje wenyewe. Na kabla kamba haijafunguliwa, tafuteni kwa macho aliye mdogo au aliye mzee kuliko wote chomboni, muone kama jaketi lake limefungwa. Likiwa bado, kamba isifunguliwe.

Tukutane wiki ijayo, inshallah. Wabillahi tawfiq.